Mteja Haruhusiwi Kugusa Mashine

Tangazo lilibandikwa kwenye ubao wa kiwanda cha sare, kati ya ratiba ya zamu na picha ya mtu anayeonyesha namna ya kuinua mzigo bila kuumiza mgongo. Lilisema kiwanda kimenunua programu ya kupanga pateni, vile vipande vya mfano vya kukatia nguo, kwa kompyuta. Lilisema pia kwamba chumba cha ukataji, chenye mafundi wanne, sasa kitakuwa na nafasi mbili za kwenye kompyuta, na hatima ya wengine itaangaliwa baadaye. Kila anayezitaka nafasi hizo, awe wa ndani au wa nje, aandike barua na ajiandae kwa mtihani baada ya wiki nne. Sifa ya kwanza ilikuwa ujuzi wa kompyuta. Uzoefu ulitajwa mwishoni kabisa, baada ya afya njema.

Fundi Makasi alilisoma mara mbili, akakunja midomo, akarudi mezani kwake. Jina hilo la Makasi alipewa na wenzake zamani, na sasa hata karani wa mishahara alikuwa halikumbuki lingine. Alikuwa amekata sare kwa miaka ishirini na miwili: za manesi, za waashi, za wapishi, za wanafunzi ambao sasa walikuwa na watoto wanaovaa sare hizo hizo. Ungemfunga kitambaa machoni ukampa kipande cha nguo, angekuambia ni cha nini na kitachuja baada ya kufuliwa mara ngapi. Kompyuta alikuwa ameziona, kama mtu anavyoiona ndege ikipita juu.

Nyumbani hakusema neno. Jumatatu alikula akalala, Jumanne vivyo hivyo, Jumatano akajifanya ana mafua. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na cha Makasi kilikuja Alhamisi jioni, kimevaa miwani na kimeshika bakuli la mchuzi.

"Leo nimechapa barua tatu," alisema mkewe.

Mke huyo mtaa mzima ulimwita Mama Chapa, kwa sababu alifanya kazi steshenari, ng'ambo ya barabara ya kiwanda. Wasifu wa watu, barua za kuomba kazi, mikataba ya nyumba, risala za harusi, vyote vilipita mikononi mwake. Makasi alisema vizuri, barua tatu si haba.

"Zote za kiwandani kwenu. Wa mwisho alikuwa fundi mwenzako, Mrefu. Amekaa pale kwenye benchi ananiuliza, shemeji, ya Makasi umeshaimaliza? Nikamwambia ndiyo, tangu jana." Aliweka bakuli mezani polepole. "Nimemdanganya mtu mzima mchana kweupe, kwa ajili yako. Sasa niambie nilikuwa nadanganya kuhusu nini."

Binti yao, aliyekuwa akifanya hesabu zake pembeni, aliacha kuandika lakini hakuinua kichwa. Makasi alitafuna tonge moja kwa muda mrefu kuliko lilivyostahili. Kisha akaeleza: tangazo, nafasi mbili, mtihani. Akasema hana haja ya kuandika barua ya kuomba kazi ambayo tayari ni yake. Meneja anamjua, na mashine hizi huja kwa kelele zikaishia stoo, zimefunikwa turubai.

"Mwenzako akinyolewa, wewe tia chako maji," Mama Chapa alimwambia. "Wenzako wanatia maji tangu Jumatatu."

"Kazi yangu ni ya mkono, mama. Si hizo kazi zenu za kubonyeza."

Neno hilo la kubonyeza alilizoea. Alikuwa akilitumia kwa miaka kumi na mmoja, tangu mkewe alipoanza kazi ile. Alilisema mbele ya shemeji zake na mbele ya wageni, kwa kicheko, kama mtu anayemtania mtoto. Kila mara lilimuuma Mama Chapa, na kila mara alilimeza. Siku hiyo halikumezeka.

"Huyu mtu wa kubonyeza ndiye anayekula na wewe hapa," alisema, bila kupaza sauti. "Na mwezi ujao huenda ndiye atakayekulisha. Kompyuta hapa nyumbani hatuna. Kesho saa kumi na moja, ukitoka kazini, uje dukani. Ukifika ukae kwenye foleni kama watu wengine."

Binti yao alirudi kwenye hesabu zake haraka, akazikosea zote.

*

Steshenari ilikuwa chumba kimoja chenye kompyuta mbili, mashine ya kutoa nakala, benchi la wateja, na feni iliyogeuza shingo upande mmoja tu. Ukutani palikuwa na karatasi iliyolaminishwa, herufi kubwa nyeusi: MTEJA HARUHUSIWI KUGUSA MASHINE. Mama Chapa aliichapa mwenyewe siku mteja mmoja alipotaka kumsaidia akafuta risala nzima ya harusi. Tangu siku hiyo alikuwa na sheria yake nyingine ambayo hakuibandika popote: usibonyeze usichokisoma.

Mwenye duka alikubali Makasi afundishwe saa moja kila jioni, kwa sharti kwamba saa hiyo ikatwe kwenye mshahara wa mwalimu. Mama Chapa alikubali bila kumwambia mumewe.

Makasi alikaa kwenye benchi, akamngoja mwanamke mwenye mkataba wa nyumba, akamngoja kijana mwenye cheti cha kuzaliwa. Zamu yake ilipofika alisimama mbele ya lile tangazo kana kwamba limeandikiwa yeye.

"Hapa kwenye kiti wewe ni mwanafunzi," mkewe alimwambia. "Ukinyanyuka unarudi kuwa mteja. Kaa."

Akakaa. Kipanya alikikamata kama anavyokamata mkasi wa kukatia turubai. Mkewe akamwambia asikikabe, hakitakimbia. Mshale ukaruka ukapotelea pembeni mwa kioo. Akaambiwa abonyeze mara mbili upesi. Akabonyeza mara moja, akafikiri, akabonyeza ya pili. Kidole kile kilikuwa na sugu pana pale mkasi ulipokalia miaka yote, na kilipogusa kibodi kiligusa herufi mbili kwa pamoja. Msichana wa chuo, aliyekuwa akisubiri nakala zake, alianza kucheka. Alijitahidi kuzuia, maskini, akaziba mdomo kwa faili, lakini kicheko kilipita pembeni.

Makasi alinyanyuka. Hakuaga. Alitembea hadi nyumbani akiongea peke yake, na jioni hiyo hakuna aliyethubutu kumuuliza chochote, hata chumvi.

Kilichomrudisha si hekima. Kilichomrudisha ni mgongo. Keshoyake asubuhi alikuwa juu ya meza ya kukatia, amepiga magoti kwenye kitambaa cha mita kumi, anachora kwa chaki pateni za maovaroli ya waashi, kama kila siku. Kazi hiyo huchukua asubuhi nzima: kuweka mkono hapa, kusogeza kola pale, kufuta, kuchora upya, mradi kitambaa kisipotee. Alipomaliza akataka kushuka, kiuno kikagoma. Alibaki pale amejikunja, chaki mkononi, mpaka Mrefu na mwenzake walipomshika kwapa hili na lile wakamteremsha kama kabati. Walifanya kwa upendo, wakamtania ili asione haya, na haya zikamshika zaidi.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, wahenga walisema. Makasi alikuwa ameinama miaka ishirini na miwili na cha mvunguni alichokipata ni maumivu ya kiuno. Alijiuliza, akiwa ameketi juu ya jora akingoja maumivu yapungue, wakimtoa hapa, ni nani atakayemwajiri na mgongo huu? Hofu ilimwingia, hofu hasa, ya mtu mzima mwenye binti shuleni. Saa kumi na moja alikuwa kwenye benchi la steshenari.

"Jana nilikosea," alisema zamu yake ilipofika.

"Jana imepita. Leo tunaanza na kubonyeza mara mbili," alijibu Mama Chapa.

*

Barua yake ya maombi aliichapa mwenyewe, kwa kidole kimoja, siku nne. Mkewe alikataa kumchapia hata nukta. Alimfungulia anwani ya barua pepe, akamfundisha kuhifadhi kazi kabla ya kuifunga, na kila alipotaka kubonyeza kitu kwa pupa ili kimwondokee machoni, alimshika kifundo cha mkono na kumuuliza, imeandikwa nini hapo? Maneno mengi yalikuwa ya kigeni. Alimsomea, akamtafsiria, akamrudisha ayasome.

Wiki ya tatu alimfanyia jambo ambalo Makasi hakulitarajia. Jina la ile programu ya kupanga pateni alikuwa amelitoa kwenye barua ya Mrefu. Akawaandikia wauzaji wake, akaomba ya kujaribia, nao wakamruhusu kuitumia bure kwa siku thelathini. Akaiweka kwenye kompyuta yake ya kazi. Mwenye duka alinuna siku mbili.

Ilipofunguka, Makasi alisogeza kiti mbele. Pale kwenye kioo kulikuwa na mgongo wa koti, kifua cha kulia na cha kushoto, mikono, kola, mifuko, vyote vidogo, vyote anavyovijua. Chini yake ulinyooka mstari mrefu mweupe. Hakuna aliyemwambia kwamba ule ni kitambaa. Alikishika kipande cha mgongo, akakiburuta, akakilaza. Akageuza mkono ukajibana kando yake. Kola mbili zikaingia kwenye upenyo ambao mtu mwingine angeuona kuwa takataka. Feni iligeuza shingo, wateja wakaingia wakatoka, yeye hakuwaona.

"Dakika kumi na moja," alisema mkewe, akiangalia saa ya ukutani.

Makasi alitazama magoti yake, yaliyokaa kwenye kiti, yasiyouma. Alisikia furaha, na papo hapo akaona aibu kwa furaha hiyo, kwa jinsi alivyoitukana mashine hiyo kwa wenzake. "Mama, nimeipenda," alisema kwa sauti ndogo, kama anayeungama.

"Vizuri. Sasa hiki kisanduku cha hapa juu kinauliza kama vipande vyote vielekee upande mmoja. Cha nini?"

Makasi alisema hakina maana, wakiache. Mkewe akamkumbusha sheria. Basi Makasi akafikiri, na alipofikiri uso ukamchangamka. Akamweleza kwamba vipo vitambaa ambavyo havijali, unaweza kupanga kipande hiki kichwa juu na hiki kichwa chini, ukaokoa nguo nyingi. Lakini vipo vyenye vinyweleo, na vinyweleo hulala upande mmoja kama manyoya ya paka. Ukivipapasa huku ni laini, ukirudisha vinakwaruza, na mwanga ukivipiga, upande mmoja huonekana mweusi na wa pili umepauka. Ndiyo maana yeye huchora mshale wa chaki kwenye kila jora kabla hajagusa kitu. Aliongea, akaongea, akaonyesha kwa kola ya shati lake na kwa begi la mteja. Mtu mmoja aliyeleta kitambulisho chake kitolewe nakala alisahau kukichukua.

"Miaka yote hii hujawahi kunieleza kazi yako," alisema Mama Chapa.

"Hujawahi kuniuliza."

"Na wewe yangu uliwahi kuuliza?"

Makasi alikigeukia kioo. Alikitia alama kile kisanduku, akakiondolea, akakitia tena, na siku hiyo aliondoka wa mwisho akamsaidia mkewe kushusha mlango wa duka.

*

Mtihani ulifanyika Jumamosi asubuhi, kwenye ofisi mpya ya vioo iliyojengwa juu ya ghala, mbali na kelele na mbali na nguo. Walikuwa saba: mafundi wanne wa ndani, wamevaa mashati ya kanisani, na vijana watatu wa nje wenye vyeti ndani ya plastiki. Meneja alikuwepo na daftari. Msimamizi alikuwa mwanamke aliyekuja na programu kutoka makao makuu ya kampuni, ambaye mafundi walimbatiza Bibi Mfumo, ingawa umri wake haukuwa wa bibi.

Kila mtu alipewa kompyuta na karatasi ya oda. Oda ilikuwa ya kweli: makoti mia nne ya walinzi. Kitambaa kilikuwa tayari kimeshushwa chini, na ukataji ungeanza Jumatatu. Kipande kidogo cha kitambaa hicho kilipigwa pini kwenye kona ya karatasi. Kazi ni kupanga vipande vya makoti kwa nusu saa. Programu yenyewe huonyesha, pembeni chini, ni asilimia ngapi ya nguo imetumika. Mwenye asilimia kubwa ndiye bora.

Vijana wa vyeti waliingia kazini kama watu wanaopiga kinanda. Mrefu alikuwa akitokwa jasho mpaka kwenye masikio. Makasi alisoma kwanza, kila neno, polepole, na alipokuwa akisoma, kidole gumba chake kilikwenda chenyewe kwenye ile kona ya karatasi. Kikapapasa huku. Kikapapasa kule. Kikasimama.

Akatia alama kwenye kisanduku.

Tangu hapo kazi ikawa ngumu. Vipande havikukubali tena kulala kichwa juu kichwa chini, na mapengo yalibaki yakimkenulia. Alijitahidi, akabana, akahamisha, mpaka dakika ya mwisho. Meneja alipita nyuma yao akisoma namba kwa sauti na kuandika.

"Tisini. Themanini na tisa. Tisini. Themanini na nane. Mrefu, themanini na saba, si mbaya. Themanini na sita." Alifika kwa Makasi, akainamia kioo kuhakikisha. "Themanini na mbili." Akamgusa bega. "Asante, mzee wangu. Umejitahidi."

Neno hilo, umejitahidi, lilimchoma kuliko kicheko cha yule msichana wa chuo. Huambiwa mtoto aliyekuwa wa mwisho kwenye mbio. Miguu ya Makasi ilitaka kumbeba nje kama ilivyombeba ile jioni ya kwanza. Lakini siku mbili nyuma alikuwa amemsikia mwenye duka akizihesabu saa za Mama Chapa zilizokatwa, na tangu hapo hakuwa mtu wa kunyanyuka ovyo. Akapiga moyo konde.

"Kuuliza si ujinga, Meneja," alisema. "Kuna aliyekigusa hiki kitambaa?"

Kijana mmoja alitazama kona ya karatasi yake kana kwamba ndiyo kwanza imeota. Bibi Mfumo alimuuliza, kwa heshima, anamaanisha nini. Pale kwenye kioo, alisema, mpangilio wa Makasi unapoteza nguo nyingi kuliko wa wote, na angependa kujua sababu.

"Hapa juu sitaweza kueleza," alijibu Makasi. "Tushukeni kwenye nguo."

Wakashuka, wote, Meneja akiangalia saa yake. Makasi alifungua jora, akatoa mkasi wake mfukoni, akakata vipande viwili vya ukubwa wa kifua cha koti. Kimoja akakigeuza juu chini. Akavipachika kwa pini kwenye kifua cha Mrefu, kulia na kushoto, kisha akamwambia akasimame kwenye mlango wa kupakilia mizigo, penye jua.

Mrefu akaenda akageuka. Upande mmoja wa kifua chake ulikuwa mweusi tii. Wa pili ulikuwa wa kijivu, kama umefuliwa mwaka mzima. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Mlinzi halisi wa getini, aliyekuwa akichungulia, aliguna akasema koti hilo yeye hataki hata kwa kupewa.

Mrefu alijitazama kifuani, akajipiga paji la uso. Alikuwa fundi wa miaka kumi na sita, na jambo hilo alilijua kama alivyojua njia ya kwao. Wale wengine wawili walikuwa wameinamisha vichwa, nao walilijua.

"Mkono wangu unajua," alisema Mrefu kwa uchungu. "Pale juu nilisahau kama ile ni nguo."

Bibi Mfumo alikuwa amekwenda kukipapasa kitambaa mwenyewe, huku na kule, mara kadhaa. Alipogeuka uso ulikuwa umemshuka, lakini hakujificha. "Mpangilio wa Jumatatu, ule wa asilimia tisini na moja," alimwambia Meneja, "niliupanga mimi. Ulikuwa unakwenda kukatwa hivyo hivyo."

Meneja alifanya hesabu kichwani, makoti mia nne, na kila mtu aliona hesabu hiyo ikimpita usoni. Kisha akapandwa na hasira, na hasira ikatafuta pa kutua. Akasema basi, huo ndio ubaya wa kukimbilia vitu vya kisasa, mashine irudishwe ilikotoka, watu warudi kwenye chaki zao.

Mafundi watatu walimgeukia Makasi. Hapo ndipo angeweza kumaliza jambo kwa neno moja: ndiyo. Nafasi yake ingekuwa salama, na heshima juu yake. Aliona macho ya wenzake yakimsihi.

"Mashine haina kosa," alisema Makasi. "Haikuambiwa. Kuna kisanduku pale juu, ukikitia alama vipande vyote vinaelekea upande mmoja. Mimi nimekitia, ndiyo maana nikapata themanini na mbili. Na kwa kitambaa hiki, hiyo themanini na mbili, kwa mkono na kwa chaki nisingeifikia. Nimechukua nusu saa, nimekaa kwenye kiti. Kwa chaki ni asubuhi nzima, na mwisho wake hawa wananiteremsha mezani kama kabati." Mafundi walicheka kidogo, bila kutaka. "Msiirudishe, Meneja. Iteremsheni huku chini, ikae karibu na nguo. Na sisi tufundishwe kabla ya kupimwa. Mmetupima kitu ambacho hamkutufundisha, na kile tunachokijua hamkukiuliza."

Meneja alitazama kifua cha Mrefu kwa muda, akachomoa zile pini moja moja, akakiweka kile kipande cha kijivu katikati ya daftari lake.

"Nani alikuonyesha kile kisanduku?" aliuliza Bibi Mfumo. "Kwenye mafunzo yangu mimi nilikiruka."

"Mke wangu," Makasi alisema, na shingo ikanyooka yenyewe. "Anafanya kazi steshenari, hapo ng'ambo."

*

Jumatatu majibu yalibandikwa kati ya ratiba ya zamu na yule mtu wa kuinua mzigo. Nafasi ya kwanza ilikuwa ya Fundi Makasi. Mtihani wa nafasi ya pili ulifutwa. Wale mafundi watatu wangefundishwa kwa mwezi mzima ndani ya saa za kazi ndipo wapimwe, na wawili wasiopata wangebaki kwenye kutandaza na kukata, kwa kuwa hakuna programu inayotandaza jora. Makoti yakakatwa kwa mshale mmoja. Kompyuta ikateremshwa kutoka kwenye vioo, ikawekwa pembeni mwa meza ya kukatia, na Mrefu akaipangusa vumbi la pamba kila asubuhi bila kuambiwa na mtu.

Makasi alikwenda nyumbani siku hiyo akitembea katikati ya njia. Binti yake alimrukia. Mkewe alisikia habari yote mpaka mwisho, akaomba aisikie tena pale pa Mrefu mlangoni, akacheka mpaka akavua miwani.

Bibi Mfumo alifika steshenari katikati ya wiki na fomu moja ya kutolewa nakala. Ilitoka dakika ile ile, lakini yeye akakaa kwenye benchi nusu saa nzima. Alimwangalia Mama Chapa akimwelekeza mzee mmoja jinsi ya kujaza maombi ya pensheni, neno kwa neno, bila kumfanya ajione mjinga. Ijumaa kukawa na tangazo jingine ubaoni. Kiwanda kinahitaji mwalimu wa kompyuta kwa mafundi, ajira ya kudumu. Sifa ya kwanza: awe na uzoefu wa kufundisha watu wazima. Maombi yaletwe kwa maandishi.

Saa kumi na moja Makasi aliingia steshenari, akapita benchi moja kwa moja, akakaa kwenye kiti cha mkewe kabla hajauliza mtu.

"Unafanya nini?" aliuliza Mama Chapa.

"Barua za mtaa mzima umechapa. Yako hujawahi. Sema, mimi naandika."

Mkewe alisimama nyuma yake, mikono kifuani, akajifanya hataki. Kisha akasema tarehe. Makasi akaitafuta namba moja, akaipata, akaibonyeza. Jua lilikuwa limeanza kuondoka kwenye kaunta walipofika kwenye aya ya pili. Hapo Makasi hakungoja kuambiwa. Aliandika mwenyewe, herufi moja baada ya nyingine, na mkewe akazisoma zikijipanga: nina uzoefu wa kufundisha watu wagumu, na mgumu kuliko wote sasa ameajiriwa.

"Hiyo ifute," alisema Mama Chapa.

"Haifutwi. Ni kweli." Makasi hakugeuka, aliendelea kukitazama kioo. "Na jingine la kweli, mama, ambalo si la kwenye barua. Kubonyeza ni kazi. Nilikukosea miaka kumi na mmoja, mbele ya watu. Naomba unisamehe."

Mama Chapa alivua miwani, akaifuta kwa pindo la blauzi, akaivaa, na alipoivaa akaona kwamba herufi moja kwenye neno la mwisho imeruka. Mkono wake ukaenda wenyewe kwenye kibodi.

Makasi aliukamata taratibu kwenye kifundo, kama alivyokamatwa yeye jioni ngapi sijui, na kwa mkono wa pili akaonyesha karatasi ya ukutani.

"Soma hapo," alimwambia.

Mama Chapa akasoma. Akaurudisha mkono, akaenda kwenye benchi, akakaa kama wateja wengine, akangoja barua yake.